Kodi Iliyogoma Kutoka Kwenye Mbaazi Zangu

Yule kijana nilimchukia kabla sijajua kwamba anamtaka binti yangu. Hilo naliweka wazi mapema, maana hapa Nakwa kuna watu wanasema eti nilianza kumchukia siku ya posa, kwa wivu wa mzazi. Hapana. Chuki yangu ilikuwa safi, ya kwake mwenyewe, haijachanganywa na kitu kingine.

Tulikutana kwenye geti la ushuru wa mazao. Nilikuwa nimepakia mbaazi kwenye guta napeleka kwa mnunuzi, na juu ya magunia nilikuwa nimetandaza majani ya ng'ombe, mabichi, mazito. Si kwamba nilificha. Mbaazi za mwaka ule zilikuwa nyeupe kiasi kwamba ukizitazama juani machozi yanatoka, kwa hiyo nilizifunika nisije nikapofusha watu barabarani. Basi pale getini akainuka kijana mmoja, Msukuma aliyeletwa Babati na kazi, mrefu wa kutosha kumfunga twiga kengele bila kupanda kiti. Akanisalimia shikamoo kwa adabu zote. Nikamwitikia marahaba, nikamwambia nawapelekea majani ng'ombe wa dada yangu. Akasema sawa. Kisha akaingiza mkono kwenye majani mpaka begani, akapapasa, akapapasa, halafu akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya daktari akishajua una nini.

"Mzee," akasema, "majani yako yana mishono."

Vijana wa bodaboda waliokuwa pale walicheka mpaka mmoja akaangusha pikipiki. Nikashusha magunia mbele yao, nikalipa, nikapakia tena peke yangu. Kulipa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba kesho yake nilipopita Maisaka, mama mmoja muuza nyanya, mtu ninayemheshimu kabisa, akaniuliza majani ya mishono nauzaje. Wiki haijaisha, habari ilikuwa imefika Sigino, na mimi nakwambia hata mbwa wa Sigino walikuwa wanabweka kwa mtindo wa kunicheka.

Kwa hiyo mwenzangu, niliapa. Nilisema huyu mtu akianguka mtoni mimi nitaita watu, ndiyo, lakini nitaita polepole.

Sasa miezi ikapita, akaja mzee mmoja nyumbani kwangu, dereva mstaafu wa hapo Maisaka, mtu anayependa kupatanisha watu kwa sababu kwenye kupatanisha kunapikwa. Akakaa, akanywa chai yangu na kikombe cha pili, akasema ametumwa. Kuna kijana amemwona binti yetu akiuza vitenge dukani kwake, wameelewana, anataka njia ya heshima. Anatoka familia ya Kikristo, ana kazi, hanywi. Mke wangu akaanza kutabasamu mpaka jino la mwisho. Mimi pia nikafurahi, nikasema aje tumwone.

Akaja. Alipoinama kupita mlangoni nikaiona kwanza shingo, nikaijua. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Shikamoo Baba."

Baba. Mtu aliyepapasa magunia yangu kama anatafuta kupe.

Nilitoka nje kuangalia ng'ombe, nikawaangalia mpaka wakaanza kuona aibu. Niliporudi ndani wageni walikuwa wameshaondoka na mke wangu alikuwa amenuna kwa kiwango cha kufunga mlango wa jikoni. Akaniambia mtu anayefanya kazi yake vizuri ndiye atakayemtunza mwanao vizuri. Binti naye, aliyekuwa amesimama pale na kanga yake mpya, akaniambia maneno machache tu. Alisema mwaka huu ataolewa na huyo, na kwamba anaomba aolewe akitokea kwenye mlango wangu, siyo kutokea stendi.

Nikaelewa. Binti yangu hatishii. Akisema stendi, ni stendi, na begi liko tayari.

Ndipo nikapata wazo, na wakati ule niliona ni wazo la akili. Nikasema sawa, kwetu anayetaka binti anakuja kwanza kufanya kazi kwa wakwe. Aje siku ya kupiga mbaazi. Aje asimame upande wa kodi.

Hapa lazima nieleze, maana mtu wa mbali hawezi kujua.

Kwetu sisi tuliotoka milima ya Mbulu, na hasa ukoo wa mama yangu, mazao hayapigwi kimyakimya. Mnatandaza matawi makavu ya mbaazi uwanjani, mnasimama mistari miwili mnatazamana, kila mtu na fimbo. Mstari huu ukiinua, ule unashusha. Na kinachoshika mapigo ni wimbo. Wimbo wenyewe ni wa kodi ya wakoloni. Baba yake mama yangu aliishi kwenye nyumba iliyochimbwa ubavuni mwa mlima, paa la udongo, nyasi zimeota juu, mbuzi wanapita wanakula bila kujua wako juu ya nyumba ya mtu. Watu walijenga vile kwa ajili ya baridi na wezi wa ng'ombe, lakini kodi ya kibanda ilipokuja waliona wana bahati, maana mhesabuji alikuwa anapita juu ya vichwa vyao anahesabu nyasi. Ikawa hivyo mpaka siku moja askari wa kodi akapitiliza na mguu kwenye paa la babu, akaingia ndani mpaka kiunoni. Mama anasema ulionekana mguu unaning'inia juu ya chungu cha ugali, una kiatu. Babu akalipishwa nyumba, akalipishwa kodi ya kichwa, akalipishwa na kiatu. Halafu wakati wa mavuno wakarudi, wakasimama juu ya mtama wake uliokuwa uwanjani, na viatu vyao, wakamfungua ng'ombe wake mweusi wakaondoka naye.

Babu hakuwa na bunduki. Alitunga wimbo. Kila mavuno, watu wake waligawanyika mistari miwili, mmoja wenyeji, mmoja kodi. Wenyeji wanaimba na kusonga mbele, kodi inapiga fimbo na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, inasukumwa na matusi mpaka inatoka kwenye mazao kabisa. Ikishatoka, mwimbishaji anaimba mwisho, kodi inatupa fimbo chini, kazi imekwisha, watu wanakula. Na kodi haina maneno. Inapiga tu na kuguna.

Upande wa kodi kwa kawaida wanawekwa watu wa kuja: wakwe, wachumba, majirani wa mikoani. Wanatukanwa wee, na hakuna kununa mpaka punje ya mwisho itoke kwenye ganda lake. Mimi mwenyewe nilisimama huko kwa baba mkwe wangu, nikaambiwa pua yangu ingetosha kulipiwa kodi ya kibanda.

Na mama yangu analo moja analoliamini kama anavyoiamini rozari yake. Wimbo hauwezi kuisha kodi ikiwa bado imesimama juu ya mazao. Ukiisha hivyo, mazao yale si yako tena. Ndivyo baba yake alivyosema, na mama hajawahi kukubali mavuno hata moja yaende vinginevyo.

Siku ikafika, Jumamosi. Siku hizi hatupigi juu ya udongo uliosiribwa, tunatandika turubai, kwa hiyo nikatandika turubai langu kubwa la bluu, nikajaza mbaazi mpaka zikawa kama godoro la mfalme. Ndugu wakaja. Mama akawekwa kwenye kiti chake kivulini, na fimbo yake, na blanketi. Msukuma akaja na yule mzee dereva, na mjomba wake mmoja aliyesafiri kutoka kwao, mtu mfupi, kimya, amevaa koti kwenye jua lile. Nikampanga kijana katikati kabisa ya mstari wa kodi. Kulia kwake shemeji yangu, kushoto fundi pikipiki jirani yetu. Mke wangu akamweleza haraka kwamba tunaimba, mnapiga, mnarudi. Akaitikia ndiyo mama. Sasa alisikia nini, yeye na Mungu.

Wimbo huwa tunauimba kwa lugha yetu. Siku ile niliuimba kwa Kiswahili. Nilitaka aelewe kila tusi. Nisingemruhusu asimame pale anatabasamu kama mtu anayesikiliza redio ya nchi jirani.

Nikaanza kwa utaratibu, kama babu alivyotunga.

*Kichwa hiki alinipa mama,*
*hakuniambia kina bei.*
*Rudi nyuma.*

*Nyumba hii nilichimba kwa mikono,*
*wewe umeihesabu kwa kidole.*
*Rudi nyuma.*

*Ng'ombe wangu mweusi unamvuta kamba,*
*anageuza shingo ananiuliza.*
*Rudi nyuma.*

Fimbo zinashuka, vumbi linapanda, punje zinaruka kama mvua ya mawe. Tukasonga. Shemeji akarudi nyuma anacheka, fundi pikipiki akarudi. Nikaona sasa ni wakati, nikaanza kuongeza ya kwangu, maana mwimbishaji ana ruhusa. Nikaimba kwamba kodi ya siku hizi ina shingo ndefu, inachungulia ndani ya sufuria yako ikiwa imesimama Singida. Nikaimba kwamba ina mkono wa kupapasa, mchana inapapasa magunia, usiku inapapasa nini. Nikaimba kwamba mama yake alimnyonyesha kwa risiti. Watu wakapiga vigelegele. Dada zangu wakaanguka kwenye majani. Nilikuwa na sauti siku ile, mimi nakwambia viboko wa Ziwa Babati walitoa vichwa nje ya maji wasikilize.

Ndipo nikaona mstari wa kodi umekatika katikati. Watu wake wote walikuwa wameshafika ukingoni mwa turubai, wengine wametoka. Yeye alikuwa palepale nilipompanga. Hajatoa hata kisigino. Anapiga fimbo, jasho linashuka, macho yako kwangu.

Nikadhani hajaelewa. Nikaimba *rudi nyuma* kwa sauti ambayo hata ukuta ungerudi. Hakurudi. Tukasonga. Fimbo zetu sasa zilikuwa zinaanguka karibu na viatu vyake, na wapigaji wangu hawakuwa wanacheka tena. Shemeji, huko nje alikokuwa, akamwambia kaka rudi, ndivyo wimbo unavyokwenda. Kijana akatikisa kichwa.

Kisha akafungua mdomo. Kodi ikaimba.

*Kichwa hiki nami nilipewa na mama,*
*hakuniambia kirudi nyuma.*
*Nipo hapa.*

*Umeniita kwako nikupigie mbaazi,*
*napiga, Baba, na sijachoka.*
*Nipo hapa.*

Fimbo zote zikasimama hewani. Tangu babu atunge wimbo ule kodi haijawahi kuimba. Na kilichoniudhi kupita vyote, alikuwa na sauti. Sauti nzito, ya kutoka tumboni, inakwenda na mapigo vizuri kuliko ya mtoto wa kaka yangu aliyefundishwa kwaya. Mjomba wake mwenye koti akaguna mara moja, kwa kuridhika, kama ng'ombe aliyepata chumvi.

Nikamjibu. Akanijibu. Nikamwambia nchi hii ni ya babu zangu, wewe umekuja na mvua ya juzi. Akaniambia mvua ya juzi ndiyo iliyootesha mbaazi hizi. Nikamwambia utatoka utake usitake. Akaniambia nitatoka na niliyemfuata. Hapo nikasahau kuimba. Nikamwambia kwa maneno makavu kwamba nitamvunja mguu. Akaniambia, bado kwa adabu, kwamba ana miwili.

Tulikuwa tumeanza kupiga tena, na tulipiga kwa hasira. Mbaazi zile zilikuwa zimeshatoka kwenye maganda zamani, sasa zilikuwa zinapasuka nusu kwa nusu, nyingine zimekaribia unga. Mke wangu akapiga kelele kwamba tunaharibu mavuno, lakini wimbo haukuwa umeisha, na fimbo hazisimami mpaka wimbo uishe.

Mama yangu akagonga fimbo yake chini. Watu wakasimamisha fimbo. Mama sasa haoni mbali, ilibidi aulize.

"Bado kuna mtu juu ya mazao?"

Wakamwambia yupo mmoja.

"Ni kodi?"

Wakamwambia ndiyo, ni yule mchumba.

Mama akasema, "Basi asikie. Nyumba hii haitampa binti mtu anayesimama juu ya mazao yetu. Atoke, au arudi kwao mikono mitupu."

Akasema kwa sauti ndogo tu, lakini ilifika kila mahali. Nikamwangalia binti yangu. Alikuwa na wanawake wengine pembeni, na nyungo zao, wanangoja kupepeta. Hakulia. Alikuwa anamwangalia yule kijana miguu, wala siyo uso, kama fundi anayepima ukuta.

Na mimi, sitadanganya, nilifurahi. Nilijisemea haya sasa, mishono hiyo.

Yule mzee dereva akanijia mbio, kofia mkononi. Akanivuta pembeni akaniambia nisimlaumu kijana, hajui. Kwao Usukumani ngoma ni mashindano. Kundi hili na kundi lile, uwanja mmoja, wanachezeana mpaka jua linazama, na anayerudi nyuma ameshindwa, hata watoto watamtungia nyimbo. Tangu alipoona mistari miwili inatazamana, kijana amejua moja tu, kwamba wakwe wanampima kama ana moyo. Na mjomba wake amekuja kushuhudia, na mjomba huyo huko kwao ni mtu wa ngoma, jina lake linaimbwa.

"Akirudi hatua moja mbele ya yule mjomba," akasema mzee, "mjomba anabeba koti lake anaondoka, na posa imekufa. Asiporudi, mama yako ameua posa. Mzee mwenzangu, fanya kitu."

Nikamwambia nimefanya. Nimemleta hapa.

Mzee akaenda kumnong'oneza kijana habari za mama na za sharti la wimbo. Nikamwona kijana anabadilika uso. Akamwangalia mama kwenye kiti. Akamwangalia mjomba. Mjomba akafunga kifungo kimoja cha koti. Kijana akaishika fimbo upya, akaanza kupiga tena, polepole, peke yake, pa, pa, pa, katikati ya turubai, na watu wote wamesimama pembeni wanamtazama. Sijawahi kuona mtu amenaswa vizuri namna ile. Panya wangu wa ghalani wana njia nyingi zaidi.

Basi nikajiandaa kuimba ubeti wa mwisho wa kumfukuza, ule wa nguvu kabisa, nikavuta pumzi.

Binti yangu akaweka ungo chini. Akawaita shangazi zake wawili na mama yake mzazi, mke wangu mimi, niliyemtolea ng'ombe. Akawaambia kitu kifupi. Wakainama wote wanne, kila mmoja akashika ukingo wa turubai upande wa nyumba, wakajifunga kanga viunoni. Nikadhani wanataka kukusanya mbaazi zilizoruka.

Wakavuta.

Sasa turubai lenye mbaazi za heka nzima si kitu cha wanawake wanne, lakini wale walivuta kama wanamtoa ng'ombe kwenye matope. Turubai likaanza kutembea. Mbaazi zikaondoka, maganda yakaondoka, wapigaji wangu waliokuwa ukingoni wakarukaruka kama wamekanyaga siafu. Kijana alikuwa anapiga, pa, pa, na mara fimbo yake ikapiga mahali pengine, pu, udongo. Turubai lilipita chini ya miguu yake. Aliinua wayo mmoja kidogo kulipisha, akaushusha palepale, akainua wa pili akaushusha palepale. Likampita lote. Wanawake wakalifikisha mpaka mbele ya kiti cha mama, wakaliacha, wakaketi chini wanahema.

Yeye akabaki uwanjani amesimama juu ya vumbi tupu. Mahali nilipompanga asubuhi. Hajarudi nyuma hata hatua moja.

Palizuka ugomvi, nakwambia, ndege waliondoka kwenye miti. Mimi nilisema hiyo si halali, kodi inatakiwa itoke kwenye mazao, siyo mazao yatoke kwenye kodi. Kaka yangu akasema sawasawa. Shemeji akasema mbona iko sawa. Kaka akamwambia shemeji wewe ni kodi, kaa kimya. Mzee dereva akasema babu yetu asingepinga, na mimi nikamuuliza babu yangu amemjulia wapi. Dada yangu mkubwa akaniambia nimezoea kuficha mbaazi chini ya majani, leo zimefichwa chini ya macho yangu nimekasirika. Kwa hilo sijamsamehe mpaka leo.

Mama akagonga fimbo tena. Akainama kwenye kiti, akanyoosha mkono, akashika mbaazi za kwenye turubai, akazipapasa kwenye vidole.

"Kuna mtu juu ya hizi?"

Hakuna, wakamwambia.

"Kodi iko wapi?"

Iko kule, kwenye vumbi.

Mama akazirudisha mbaazi kwenye turubai. Hakufurahi. Mama yangu hajawahi kumpenda mtu wa geti wala mtu wa serikali yoyote, na asubuhi ile alikuwa amesema wazi kwamba mwenye shingo kama ile haaminiki kwenye nyumba yenye paa la chini. Lakini wimbo ni wa baba yake, na sharti ni la baba yake, na sharti lilikuwa limetimia.

"Imbeni mwisho," akasema.

Mwimbishaji ni mimi. Hakuna mwingine anayeruhusiwa. Mwisho wa wimbo wetu unaimbwa mwimbishaji akiitazama kodi, na kodi siku zote huwa iko mbali, nje ya uwanja, inajifuta jasho na kucheka. Siku ile ilinibidi nitembee nikasimame mbele yake, karibu kiasi cha kunusa sabuni yake, niinue uso kama mtu anayeangalia mnara wa simu, na kumwambia ameondoka.

*Ameondoka, mlima umebaki.*
*Ameondoka, ziwa limebaki.*
*Ameondoka, sisi tumebaki.*

Nilimwimbia usoni. Kila neno nilitamani liwe kweli. Watu wa nyumbani wakaitikia, na wengine walilia, maana ubeti huo ukiimbwa huwa tunawakumbuka wazee wetu waliokwenda jela kwa ajili ya kichwa walichozaliwa nacho. Hata kijana aliinamisha uso. Nilipomaliza, akatupa fimbo chini kama kodi inavyotakiwa. Ikaangukia kidole changu cha mguu. Akasema samahani Baba. Ninaamini hakukusudia, kwa asilimia ndogo sana.

Mjomba akafungua kifungo cha koti. Akaja akamshika kijana bega, halafu akanipa mkono mimi, akaniambia kwamba kwao angetafuta muda mrefu kupata mkwe mwenye matusi mazuri kama yangu. Nikainama kukisugua kidole changu cha mguu.

Jioni wazee wakakaa, mambo ya mahari yakasemwa, mama akakubali, mimi nikanyamaza na kunyamaza kukahesabiwa kuwa ndiyo. Ndoa ilifungwa kanisani kabla ya mvua. Binti yangu alitokea mlangoni kwangu, amepambwa, amependeza mpaka nikatafuta kitu cha kuwatukana watu ili nisilie. Wanakaa Maisaka. Huyo mwanamume akija kunisalimia namwitikia, nampa kiti, kile kidogo. Tunazungumza mvua. Mke wangu anasema tutazoeana. Mimi namwambia hata jino bovu watu wanalizoea.

Ila kupiga mbaazi hakujaisha, mwaka ujao upo, na yeye bado ni mtu wa kuja, atasimama palepale. Nimeshaongea na fundi. Tumepima uwanja wa nyuma wote, tumemwaga kokoto, na simenti iko stoo. Turubai nimempa jirani. Safari hiyo tutapiga juu ya sakafu ya zege, nene, yenye nondo, na huyo binti yangu aje na shangazi zake wote wa Mbulu tuone watavuta nini.